Kizuri chajiuza: Jinsi sifa za kulipiwa zinavyowaponza wanunuzi wa hisa za kampuni ndogo za dawa

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukweli wa kauli hiyo umedhihirika mara si haba katika masoko ya hisa nchini Marekani, hasa miongoni mwa kampuni ndogo za kutafiti dawa, ambako watu wa kawaida wamepoteza akiba zao baada ya kusoma makala ya sifa bila kujua kwamba yalikuwa yamelipiwa.

Malalamiko ya wawekezaji hao huwa ya namna mbili. Kwanza, wanawashuku wasimamizi wa kampuni kwamba wanajishughulisha zaidi na kuuza hisa kuliko kutengeneza dawa. Pili, wanashuku kwamba sifa zinazomiminiwa kampuni hizo hutoka kwa watu waliokodiwa, wanaojidai kuwa wachanganuzi huru.

Suala hili haliwahusu Wamarekani pekee. Siku hizi Mkenya aliye na simu na akaunti kwa wakala anayepokea wateja wa ng'ambo anaweza kununua hisa zinazouzwa New York akiwa Nakuru au Nyeri. Tetesi kuhusu "dawa mpya itakayotikisa dunia" nazo husambaa katika vikundi vya WhatsApp na Telegram bila kujali mipaka. Kwa hivyo ni muhimu kufahamu jinsi biashara hii inavyoendeshwa, nani hufaidika, na ni wapi mtu anaweza kuchungulia kabla ya kutoa pesa zake.

Hisa za bei duni ni zipi?

Kwa kawaida, wasimamizi wa masoko nchini Marekani huhesabu kuwa ya bei duni hisa inayouzwa kwa chini ya dola tano, hasa ikiwa ni ya kampuni ndogo ambayo haijaorodheshwa katika soko kuu kama vile lile la New York au Nasdaq.

Msomaji wa humu nchini hana budi kutahadhari na kipimo hicho. Dola tano ni takriban Sh650, na hisa nyingi mno katika Soko la Hisa la Nairobi huuzwa chini ya kiwango hicho pasipo kuwa na kasoro yoyote. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mnamo 2008 zilikuwa za Sh5 kila moja, na hakuna aliyeiita kampuni hiyo hafifu.

Hatari hutokana na mambo matatu ambayo kwa kawaida huandamana na bei hiyo katika masoko ya Marekani. Kampuni yenyewe huwa ndogo. Wanunuzi na wauzaji wa hisa zake huwa wachache, hivi kwamba wimbi dogo la wanunuzi wapya hutosha kupandisha bei maradufu. Tena habari za kuaminika huwa haba, kwa kuwa benki kubwa na wachanganuzi wanaoheshimika hawana haja ya kuzifuatilia.

Pengo hilo la habari ndilo mlango anamoingilia mpiga debe. Pale ambapo hakuna sauti nyingine, sauti ya aliyelipwa husikika kuwa kubwa na ya kweli.

Kwa nini kampuni za dawa?

Ulaghai wa hisa umewahi kujificha katika migodi ya dhahabu, mafuta, intaneti na hata bangi. Hata hivyo, kampuni za bayoteknolojia, yaani zile zinazotafuta dawa kwa kuchunguza chembechembe za uhai, zina sifa zinazozifanya kuwa uwanja mwafaka zaidi.

Kwanza, nyingi hazina chochote cha kuuza dukani. Kuifikisha dawa moja sokoni huchukua miaka kumi au zaidi. Sharti ijaribiwe kwanza katika maabara na kwa wanyama, kisha kwa binadamu katika awamu tatu: ya kwanza kuchunguza usalama, ya pili kutafuta dalili kwamba inafanya kazi, na ya tatu kuthibitisha hayo kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Muda wote huo kampuni hutumia fedha bila kuingiza. Mwanahisa hana mauzo wala faida ya kukadiria. Anachonunua ni matumaini.

Pili, matumaini hayo hutimia kwa nadra. Takwimu za sekta hiyo zimeonyesha kwamba kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni takriban moja tu huishia kuidhinishwa. Kwa maneno mengine, kushindwa ni jambo la kawaida hata pale ambapo kila mhusika ni mwaminifu. Hali hii humpa kinga mlaghai, kwani dawa inapoanguka anaweza kudai kwamba sayansi ndiyo iliyomwangusha.

Tatu, lugha ya fani hii ni ngumu. Taarifa inayosema kwamba dawa "imeonyesha mwelekeo wa kutia moyo katika kundi dogo la wagonjwa" humaanisha, mara nyingi, kwamba jaribio lenyewe halikufikia lengo lake. Mwanasayansi atalitambua hilo mara moja. Fundi wa magari au mwalimu mstaafu huenda asilitambue.

Nne, kuna uchungu wa ugonjwa. Baadhi ya wanunuzi ni watu wenye saratani au wanaomuuguza jamaa. Wanaponunua hisa huwa wananunua pia imani kwamba tiba i njiani, na ni vigumu mno kumshawishi mtu kama huyo auze.

Kisa cha Galena

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Galena Biopharma, kampuni iliyokuwa na makao yake jimboni Oregon. Ilikuwa ikiuza dawa ya maumivu makali ya saratani iitwayo Abstral, lakini tegemeo lake kubwa lilikuwa NeuVax, chanjo iliyokusudiwa kuzuia saratani ya matiti isirejee.

Katikati ya 2013 hisa moja ya Galena iliuzwa kwa takriban dola mbili. Kufikia Januari 2014 ilikuwa imepita dola saba. Katika kipindi hicho intaneti ilifurika makala ya kuisifu, yaliyoandikwa na watu waliojitambulisha kama wawekezaji wa kawaida au wataalamu wa fedha.

Mnamo Februari 2014, mwanahabari Adam Feuerstein wa tovuti ya TheStreet alianika mambo mawili. Kampuni ilikuwa imekodi wakala wa matangazo aitwaye DreamTeam Group ili kuivumisha. Aidha, wakati bei ilipokuwa juu, wakurugenzi na maafisa wakuu waliuza hisa zao za thamani ya zaidi ya dola milioni 16 ndani ya wiki chache. Mwezi uliofuata, mwandishi mmoja wa masuala ya uwekezaji alifichua kwamba alikuwa ameombwa kuandika makala ya kuisifu Galena pamoja na kampuni nyingine ya dawa, CytRx, kwa malipo ambayo hakutakiwa kuyataja.

Bei iliporomoka. Afisa Mkuu Mtendaji wa Galena wakati huo, Mark Ahn, aliondoka Agosti 2014.

Uchunguzi wa tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, SEC, ulichukua miaka mitatu. Aprili 2017 tume hiyo ilitangaza hatua dhidi ya watu na kampuni 27 kwa jumla, wakiwemo Galena, Ahn, mawakala wa matangazo na waandishi. Ilisema kwamba zaidi ya makala 250 yalikuwa na kauli ya uongo kuwa mwandishi hakulipwa na kampuni aliyoiandikia. Baadhi ya waandishi walijificha nyuma ya majina ya kubuni kama vile The Swiss Trader na Wonderful Wizard. Mmoja wao alitumia majina yasiyopungua tisa, na katika mojawapo alijifanya meneja wa fedha mwenye tajriba ya takriban miaka 20.

Kati ya washtakiwa hao, 17 walikubali kumaliza kesi kwa kulipa kiasi kilichoanzia takriban dola 2,200 hadi karibu dola milioni tatu. Galena ilikubali kulipa faini ya dola 200,000. Kampuni hiyo na Ahn walimaliza kesi zao bila kukiri wala kukana madai ya tume.

Masaibu ya wanahisa hayakuishia hapo. Juni 2016 jaribio la awamu ya tatu la NeuVax lilisimamishwa baada ya jopo huru la wataalamu kuona kwamba halikuwa na dalili ya kufaulu. Hisa ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Septemba 2017 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 7.5 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba iliwapa madaktari vishawishi ili waandikie wagonjwa Abstral.

Wakati huohuo hisa zilikuwa zikiunganishwa. Novemba 2016 kila hisa 20 ziligeuzwa kuwa moja. Desemba 2017, Galena ilipoungana na kampuni ya SELLAS, kila hisa 30 ziligeuzwa tena kuwa moja. Hesabu yake ni nyepesi lakini inaumiza: mtu aliyenunua hisa 600 kwa dola saba kila moja mwanzoni mwa 2014 alitumia dola 4,200, takriban Sh546,000 kwa kiwango cha Sh130 kwa dola. Mwishoni mwa 2017 alibaki na hisa moja iliyouzwa kwa dola chache.

Sheria yasemaje?

Kulipwa ili kusifia hisa si kosa kwa yenyewe. Sheria ya Marekani ya 1933, iliyotungwa baada ya masoko kuanguka 1929, inaruhusu matangazo ya aina hiyo mradi tu anayelipwa atangaze kwamba amelipwa, nani amemlipa, na kiasi gani. Kosa ni kuficha.

Ndiyo maana vijarida vingi vya hisa huwa na maandishi madogo mwishoni, ambayo wasomaji wengi huyaruka. Humo huelezwa, kwa mfano, kwamba mchapishaji amepokea maelfu ya dola kutoka kwa kampuni au kwa "mhusika wa tatu". Mhusika huyo mara nyingi huwa mwanahisa mkubwa aliyenunua hisa kwa bei ya chini mno na sasa anatafuta wa kumuuzia.

Mnamo Septemba 2018 SEC ilishtaki kundi la wafadhili na washirika wao ikidai kwamba walitumia mtindo huo katika kampuni tatu ndogo na kujipatia zaidi ya dola milioni 27 kati ya 2013 na 2018. Kwa mujibu wa tume hiyo, kundi hilo lilijikusanyia hisa kwa bei ya kutupa, likachangia kuchapishwa kwa makala ya kuzivumisha, kisha likawauzia wananchi bei ilipopanda. Baadhi ya washtakiwa walimaliza kesi kwa kulipa mamilioni ya dola bila kukiri wala kukana.

Mfumo wenyewe basi una hatua tatu zisizobadilika: kukusanya kimyakimya, kusifu kwa sauti, kuuza kwa haraka. Anayezinunua katika hatua ya pili ndiye anayelipia mavuno ya hatua ya tatu.

Wasimamizi wanapogeuka wapiga debe

Wakati mwingine hapahitajiki mwandishi wa kukodiwa, kwa sababu mkuu wa kampuni mwenyewe ndiye mpiga debe. Hicho ndicho kiini cha kesi ya CytoDyn, kampuni ya jimbo la Washington iliyokuwa ikitafiti leronlimab, dawa iliyolengwa kwa wagonjwa wa HIV na baadaye Covid-19.

Kwa sehemu kubwa ya 2019 hisa ya CytoDyn iliuzwa kwa chini ya dola moja. Mwishoni mwa Juni 2020, janga la Covid-19 likiwa limepamba moto, ilifika dola kumi. Kampuni ilikuwa ikitoa taarifa mfululizo kuhusu wagonjwa waliopata nafuu, na Aprili 2020 ilitangaza kwamba imewasilisha ombi la kuidhinishiwa dawa hiyo kwa matumizi ya HIV.

Julai 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kulipokea ombi hilo kwa kuwa halikuwa kamili. Mei 2021 mamlaka hiyo ilichukua hatua isiyo ya kawaida ya kutoa taarifa kwa umma ikisema kwamba majaribio ya leronlimab hayakuonyesha manufaa kwa wagonjwa wa Covid-19, kinyume na yale yaliyokuwa yakivumishwa. Kufikia 2022 hisa ilikuwa imerudi chini ya dola moja.

Desemba 2022 viongozi wa mashtaka walimfungulia kesi aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji wa CytoDyn, Nader Pourhassan. Walidai kwamba alijua ombi lile halikuwa kamili, akaamuru liwasilishwe ili bei ipande, kisha akauza hisa zake mwenyewe na kujipatia zaidi ya dola milioni nne. Desemba 2024, baada ya kesi kusikizwa katika mahakama ya shirikisho jimboni Maryland, alipatikana na hatia ya ulaghai na ya kuuza hisa kwa kutumia habari za siri. Mkuu wa kampuni iliyosimamia majaribio ya dawa hiyo alipatikana na hatia pia.

Kesi hiyo inafunza jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Tangazo kwamba kampuni "imewasilisha ombi" si tangazo kwamba dawa inafanya kazi. Ni tangazo kwamba karatasi zimepelekwa.

Hali ilikuwa hivyo pia kwa Arrayit, kampuni ya California iliyodai kuwa na kipimo cha Covid-19 cha kutumia tone la damu. SEC ilisimamisha uuzaji wa hisa zake Aprili 2020. Rais wake, Mark Schena, alipatikana na hatia 2022, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka minane.

Maziwa yanapotiwa maji

Hata pasipo uhalifu wowote, mwanahisa wa kampuni ndogo ya dawa anaweza kufilisiwa kwa njia iliyo halali kabisa. Maadamu kampuni haina mapato, hulipia maabara na mishahara kwa kuuza hisa mpya. Kila hisa mpya inapotolewa, zile za zamani hupungua nguvu, jinsi maziwa yanavyopungua uzito kila yanapotiwa maji.

Chukua mfano wa kampuni yenye hisa milioni 100. Aliye na hisa milioni moja anamiliki asilimia moja. Kampuni ikitoa hisa nyingine milioni 100, fungu lake litakuwa nusu ya asilimia, ingawa idadi ya hisa zake haijabadilika. Dawa ikija kufaulu, atagawana faida na watu maradufu.

Bei ikishuka chini ya dola moja kwa siku 30 mfululizo za kazi, soko la Nasdaq huipa kampuni ilani kwamba inaweza kuondolewa. Ili kukwepa hilo, wasimamizi huunganisha hisa, mathalan 20 kuwa moja, ndipo bei ionekane kubwa. Thamani ya kampuni haijaongezeka hata kwa senti. Mara nyingi kinachofuata ni duru nyingine ya kuuza hisa mpya, na mzunguko huanza upya.

Katika mzunguko huo wote, mishahara na marupurupu ya wakuu huendelea kulipwa. Hapa ndipo chimbuko la lawama nyingi za wawekezaji: kwamba kuna kampuni zilizokaa miaka 15 au 20 bila kuidhinishiwa dawa hata moja, ilhali wakuu wake wameishi raha mustarehe kwa fedha za wanahisa.

Si wote walaghai

Itakuwa dhuluma kuzihukumu kampuni zote ndogo kwa makosa ya baadhi. Kampuni ya Gilead Sciences ya California, iliyoanzishwa 1987, ilikaa miaka mingi ikipata hasara kabla ya kujijenga. Ndiyo iliyoileta sokoni tenofovir, iliyoidhinishwa Marekani 2001 na ambayo leo ni sehemu ya vidonge vinavyotumiwa na wagonjwa wengi wa HIV humu nchini. Pasipo wawekezaji waliothubutu kuweka fedha zao katika jambo lisilo na hakika, dawa nyingi zisingepatikana.

Wakenya wenye umri wanakumbuka pia upande wa pili wa matumaini. Mwaka wa 1990 serikali ilitangaza kwa shangwe dawa ya Kemron, iliyochunguzwa na Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, kwa ushirikiano na kampuni ndogo ya mjini Amarillo, Texas. Kisa hicho hakikuwa ulaghai wa hisa. Hata hivyo, tafiti zilizofuata, zikiwemo za Shirika la Afya Duniani, hazikuthibitisha kwamba Kemron iliwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Kampuni ya Texas iliendelea na utafiti wake, ikauza hisa kwa umma 1996, na mnamo 2013 ikaomba kinga ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Tangazo lilitangulia, ushahidi ukafuata, na ushahidi ndio ulioamua.

Aidha, si kila anayeshutumu kampuni ana nia safi. Wapo wanaojipatia faida bei inaposhuka, nao huwa na sababu ya kuchapisha habari mbaya. Mashtaka yao yapimwe kwa kigezo kilekile: wana ushahidi gani, na wanafaidika vipi?

Maswali ya kuuliza

Habari njema ni kwamba mengi ya kuchunguza yako wazi na hayalipishwi. Kwa kampuni inayowasilisha taarifa zake SEC, mtu aliye na intaneti anaweza kusoma hati hizo bila malipo katika hazina ya tume hiyo iitwayo EDGAR.

Swali la kwanza ni nani amelipia sifa hizi. Msomaji aanzie mwisho wa makala, kwenye maandishi madogo. Ikiwa mwandishi hana jina linaloweza kuthibitishwa, au ameandika kuhusu kampuni nyingi ndogo kwa mtindo uleule wa shangwe, makala yake yachukuliwe kuwa tangazo.

Swali la pili ni nani anauza. Sheria inawataka wakurugenzi na maafisa wakuu kutangaza ununuzi au uuzaji wa hisa zao ndani ya siku mbili za kazi. Kuuza si dhambi. Mtu huweza kuwa na kodi au karo ya kulipa. Lakini wakuu kadha wanapouza kwa pamoja wakati taarifa zinasema mambo ni mazuri, vitendo vyao vina uzito kuliko taarifa.

Swali la tatu ni fedha zitatosha hadi lini. Ripoti za kila robo ya mwaka huonyesha akiba iliyopo na matumizi. Ikiwa kampuni ina dola milioni sita na hutumia milioni mbili kila mwezi, itauza hisa mpya ndani ya miezi mitatu, haidhuru itangaze nini. Mkaguzi wa hesabu akiandika kwamba ana shaka iwapo kampuni itaweza kuendelea, maneno hayo yasipuuzwe.

Swali la nne ni jaribio lenyewe linasemaje. Majaribio mengi ya dawa husajiliwa katika tovuti ya serikali ya Marekani ya ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa 2000. Humo huandikwa lengo kuu, idadi ya wagonjwa na tarehe ya kumaliza. Kampuni inayobadilisha lengo katikati ya safari, au inayosogeza tarehe kila mwaka, ina la kujibu.

Swali la tano ni wasimamizi hawa wametoka wapi. Mkuu ambaye kampuni zake tatu za awali ziliishia kuunganisha hisa na kufa hana sababu ya kuaminiwa ya nne, labda aeleze ni nini kimebadilika.

Hasara hairudi

Linalosahaulika zaidi ni kwamba hasara ya namna hii haifidiwi. Hazina ya kuwalinda wateja wa mawakala nchini Marekani huingilia kati wakala anapofilisika na mali ya wateja kupotea. Haimlipi mtu ambaye hisa zake zimeshuka bei. Kesi za wanahisa zinaposhinda, fedha hugawanywa miongoni mwa maelfu ya watu baada ya mawakili kuchukua fungu lao. Kuhusu Galena, miaka mitatu ilipita kati ya kufichuliwa kwa njama na kutozwa kwa faini, na faini ya tume ya dola 200,000 ilikuwa kama tone la maji baharini ikilinganishwa na milioni 16 ambazo wakuu walipata kwa kuuza hisa.

Anayeishi Kenya yuko mbali zaidi na mahakama hizo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, husimamia masoko na mawakala wa humu nchini; haina uwezo juu ya kampuni ya Oregon wala mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la kubuni. Atakayelaghaiwa huko atabaki na karatasi.

Basi kinga iliyopo ni ile ya kabla ya kununua. Kampuni yenye dawa inayofanya kazi haihitaji mtu wa kificho wa kuisifu: matokeo yake yatachapishwa, wataalamu watayasoma, na kampuni kubwa zitabisha hodi kutaka kuinunua. Inapobidi sifa zilipiwe kwa siri, mnunuzi ana haki ya kujiuliza kwa nini kizuri hicho kimeshindwa kujiuza.